Namba Iliyogongwa Ubelgiji

Felista mwanangu,

Barua huanza kwa salamu, lakini wewe uko hapo Lumemo tu, umekwenda kumuaga mama yako mdogo, na kwa jinsi ninavyomjua hatakuachia mpaka ule mara mbili. Nikikuuliza hali nitakuwa nakutania. Salamu naziruka. Nayaruka na yale ya masweta ya Singida, ya kula vizuri na ya kuchagua marafiki. Hayo nimekuimbia tangu siku uliyopata kazi, na juzi nilikuona ukizungusha macho ukidhani sikuoni.

Nimekaa barazani, jua bado lipo, miguu imenivimba. Nimechoka, mwanangu, na si uchovu wa leo peke yake. Kuna jambo nimelibeba zaidi ya miaka kumi, na sitaki uondoke kesho hulijui. Nilisababisha mtu asiye na kosa akafungwa. Baadaye nikagundua kuwa hana kosa, nikanyamaza mpaka akamaliza kifungo chake. Mtu huyo ni Mzee Vitalis wa Michenga, yule anayekuita mchumba kila akikuona sokoni. Mpaka leo asubuhi alikuwa hajui.

Najua umeisoma mara ya pili sentensi hiyo. Isome tu, ndiyo hivyo ilivyo. Siku si nyingi Ifakara nzima itakuwa inalizungumza, na Singida kuna simu kama hapa. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza, kabla watu hawajalitia chumvi.

Unajua nilikuwa karani wa masjala. Usichokijua ni kwamba kwa miaka mingi daftari langu kubwa lilikuwa la magobole. Wakulima wa bondeni walikuwa nayo mengi, ya kufukuzia nguruwe na viboko kwenye mpunga, na walitakiwa kuyaleta yaandikwe. Mengine yalichongwa na mafundi wa hapa hapa kwa mabomba. Lakini mengine yalikuwa ya Ulaya kabisa, marefu, ya kujaza baruti mdomoni, yaliyotengenezwa kabla babu yangu hajazaliwa, yakaja na misafara ya pembe za ndovu, yakabaki yanarithiwa baba kwa mwana. Wenzangu waliandika "gobole, kuukuu" wakaita mtu mwingine. Mimi sikuwa hivyo. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya taa, brashi ya waya na kipande cha chaki. Unasugua kutu karibu na kitako, unafuta, unapaka chaki, halafu unafuta juu juu kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo na alama inakutokea nyeupe.

Niliyapenda yale makitu, sitakuficha. Lilikuwapo la taji lenye neno la Kiingereza chini yake. Lilikuwapo la fimbo mbili zilizopishana chini ya taji. Na yalikuwapo ya yai: kiduara kirefu chenye herufi tatu, E, L na G, na nyota ndogo kwa chini. Wazee wenyewe walikuwa wanasema, "Langu ni Yai," kama mtu anavyotaja ukoo. Hayo yalitoka Ubelgiji. Huko kulikuwa na nyumba ya serikali ya kujaribia mitutu. Mtutu unashindiliwa baruti kuliko kawaida, unafyatuliwa, na ukiwa haukupasuka unagongwa yai. Basi yai lilisema kitu kimoja tu, kwamba mtutu huu ulijaribiwa ukapona. Nani anaumiliki, halikusema.

Hilo nilikuja kujifunza baadaye. Wakati huo nilijua sura za alama, maana yake nilikuwa naibahatisha. Lakini watu walishaanza kusema, "Mpelekeeni mama karani, yule anayasoma," na ukishasifiwa hivyo inakuwa vigumu kwenda kwa mtu ukamwambia hapa sielewi. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto shuleni. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye jina, nikaona kuuliza kutanivua nguo.

Vitalis alileta lake siku ya foleni ndefu. Nilisugua, nikakuta yai, na chini ya yai tarakimu tatu zimekaa pamoja: 172. Nilifurahi kama aliyeokota. Fomu ilitaka namba, na magobole mengi hayakuwa na namba yoyote, hata zile za serikali zilikuwa bado hazijagongwa. Nikaandika: Vitalis, Michenga, gobole, yai, namba 172. Yeye akainama mezani, kofia mkononi.

"Mama karani, andika na huu waya. Kitako kilipasuka hapa, nikakifunga kwa waya wa shaba. Hakuna lingine lenye waya kama huu."

"Baba, waya unafunguka," nikamjibu. "Namba haifunguki."

Foleni nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, maana nilikuwa nimesema vizuri. Sehemu ya maelezo mengine nikaiacha tupu, nikaita anayefuata.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna, ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa watu upande wa Michenga. Unajua vurugu hizo zinavyokuwa. Masanja, mfugaji aliyekuja na mifugo yake kutoka Kanda ya Ziwa, alipigwa risasi ya paja jioni akirudisha ng'ombe. Hakufa, lakini mguu haukurudi kuwa mguu. Aliyempiga alitupa gobole kwenye matete akakimbia. Lilipookotwa lililetwa mezani kwangu. Nikalisugua, nikapaka chaki. Yai. 172. Nikafungua daftari mbele ya askari wawili, nikaweka kidole kwenye jina.

Juma moja kabla, Vitalis alikuwa amegombana na Masanja hadharani kuhusu mpunga wake ulioliwa. Alipoulizwa gobole lake liko wapi, akasema lilizama masika mtumbwi ulipopinduka. Akaulizwa aliripoti wapi. Hakuripoti. Nani bondeni anaripoti kitu kilichomezwa na mto? Sisi sote tumepoteza majembe, masufuria, hata mbuzi, na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Lakini mtu akishashukiwa, kila alichofanya kama wengine kinaonekana cha peke yake.

Mahakamani alisema habari ya waya. Alisema, "Mama karani aliuona, na alinitania." Hakimu akanigeukia, akaniuliza kama kweli niliona waya. Felista, nilikuwa nakumbuka. Nilikumbuka hata kicheko cha foleni. Lakini gobole lililokuwa mezani halikuwa na waya, nikajiambia ameufungua mwenyewe kuficha, si nilishasema waya unafunguka? Nikajibu kwamba kwenye daftari hakuna waya. Hakimu akauliza kama nina uhakika na namba. Nikasema, "Daftari halisemi uongo."

Ndiyo maneno yale yale mnayonitania nayo hapa nyumbani nikipoteza miwani. Watu waliyapenda. Mkuu wangu wa kazi aliyarudia kwenye kikao. Vitalis alipewa miaka mitano.

Masanja alipotoka hospitalini alikuja na fimbo na kibuyu. "Mayu," akaniita, kama wanavyomwita mama kwao, "wewe ndiye umenipatia haki yangu. Mimi mgeni huku, nilidhani watanizungusha." Kila Krismasi tangu siku hiyo ameleta maziwa ya mgando. Umeyanywa ukiwa mdogo, ukawa unauliza yule baba wa maziwa atakuja lini. Yeye na Vitalis mpaka leo wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani ili wasipishane.

Sasa sikia nilivyogundua. Miaka miwili baada ya hukumu, bibi mmoja mjane alileta gobole la marehemu mumewe ili alisalimishe. Nikasugua kama kawaida. Yai, na chini yake tarakimu zile zile, ila hili lilikuwa limetunzwa vizuri, kutu haikulila. Kati ya saba na mbili palikuwa na nukta. Nilidhani ni uchafu. Nikachokonoa kwa pini, nukta ikazidi kuonekana.

Marehemu Fundi Ladislaus, unamkumbuka, yule wa baiskeli aliyejifunza kazi karakana ya wamisionari, alikuwa pale ofisini kwa shughuli zake. Nikamwita nikamwonyesha. Akatoa mfukoni kile kipimo chake cha taya mbili, akakiingiza mdomoni mwa mtutu, akakisoma.

"Kumi na saba na pointi mbili," akasema. "Ndiyo hiyo iliyoandikwa."

"Iliyoandikwa ni nini?"

"Upana wa tundu, mama. Milimita. Wabelgiji walikuwa wakilipima tundu, wanaligonga hapo hapo pamoja na yai. Ya upana huu nimeshayatengeneza kama matano hivi bonde hili. Nukta inawahi kuliwa na kutu." Akaniangalia. "Kwani wewe ulikuwa unaiandikaje?"

"Hivyo hivyo," nikasema.

"Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, fundi. Ahsante."

Akaondoka. Mimi nikabaki na gobole mapajani kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe. Nililielewa lote kwa mara moja: gobole la kwenye matete lilikuwa jingine, na waya haukuwahi kuwapo juu yake. Nilikuwa nimemfunga mtu kwa kipimo cha tundu. Nikaliandika lile la mjane kwenye ukurasa mpya, safari hii nikaandika kila mkwaruzo uliokuwapo kwenye kitako, nikafunga daftari. Vitalis alikuwa amebakiza miaka mitatu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu kukosea kusoma alama si dhambi kubwa. Mtu yeyote angekosea. Dhambi yangu ni ile iliyoanza fundi alipofika mlangoni nami sikumwita arudi. Kila siku niliyopitisha ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Siku ya kwanza ningeeleza kosa tu. Baada ya mwezi ingebidi nieleze kosa na mwezi. Baada ya mwaka sikuwa na mdomo tena.

Watu watakuambia nilinyamaza kwa ajili yako. Wakikuonea huruma ndivyo watakavyosema: baba yake alikuwa ameshafariki, mtoto yuko darasa la tano, mama angefukuzwa kazi wangekula nini. Hata mimi nilijiambia hivyo kwa miaka, nikawa nakutazama umelala naona kama wewe ndiwe sababu. Si kweli, na usikubali mtu akubebeshe. Ningefukuzwa tungelima, kama wanavyolima wengine. Nilinyamaza kwa ajili ya jina. Nilikuwa mama karani asiyekosea, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyompenda Vitalis, ambaye hakuwa ndugu yangu wala jirani. Nasema hivi bila kujitetea, na inaniuma kuliandika kwa mwandiko huu huu.

Alipotoka nilidhani nitapumzika. Kifungo kimekwisha, maji yakimwagika hayazoleki, niliyarudia maneno hayo kama rozari. Lakini Ijumaa ya kwanza nikakutana naye sokoni. Nilimwamkia nikiangalia chini. "Marahaba, mama karani," akasema, "watoto hawajambo?" Kwa adabu zote. Angenitukana ningepumua. Alikuwa anaamini kuwa nilifanya kazi yangu kwa haki na kwamba gobole lake lilitolewa mtoni na mtu mwingine, likafunguliwa waya, likatumika. Hiyo ndiyo hadithi aliyojitungia ili asinichukie. Nimeisikia akiwasimulia watu.

Na sasa wewe unakwenda kuwa karani wa kumbukumbu hospitalini. Jumapili ndugu zako walikuimbia hapa uwanjani, mjomba akasimama akasema umerithi mkono wa mama yako usiokosea. Wewe ulinitazama ukacheka kwa fahari. Nilitamani ardhi inimeze. Niliamua pale pale, sahani ya pilau ikiwa mkononi.

Sina orodha ya nasaha. Nina moja tu, na utaniwia radhi ikiwa ndogo. Mtu akiinama mezani kwako akakuambia "andika na hiki", andika. Hata kama fomu haina nafasi, andika pembeni. Yeye anajua kitu ambacho wewe hukijui kuhusu maisha yake. Na siku utakapogundua umekosea, maana utakosea, inuka kwenye kiti hapo hapo kabla chai haijapoa. Ukikaa ukafikiri, utapata sababu nzuri ya kunyamaza, na sababu zako zitakuwa nzuri kuliko zangu, maana umesoma zaidi.

Karatasi ya polisi nimeshaiandika, Jumatatu naipeleka. Kwa Masanja nakwenda Jumamosi, na sijui nitaanzia wapi. Kama watanichukulia hatua, wachukue. Usirudi. Ukisikia niko matatani, usipande basi kuja kunililia, kaa ufanye kazi yako. Na kama utaniona mwingine kuanzia sasa, una haki. Utanipenda ukiweza, na usipoweza nitakuelewa, ila usiache kupiga simu. Nakuaga hapa hapa, kwa sababu nikishamaliza kukueleza ya leo sidhani kama nitaweza kuandika tena. Mungu akutangulie, mwanangu, na akupe watu wema huko.

Leo asubuhi nilikuambia nakwenda kuchukua mchele wa safari. Mchele nimeuleta, uko jikoni. Lakini nilipanda bodaboda mpaka Michenga.

Vitalis alikuwa nje ya nyumba anatia mpini jembe. Nikamwamkia.

"Marahaba, mama karani. Mchumba wangu anasafiri lini?"

"Kesho, baba."

"Basi ameniacha hivi hivi." Akacheka, akaniletea kigoda. Sikukaa. Nilimweleza nimesimama, yote, kuanzia nukta mpaka fundi, mpaka jana. Jembe lilikuwa bado mkononi mwake. Kuku walipita kati yetu wakarudi.

"Kwa hiyo ile namba ilikuwa ya nini hasa?" akauliza.

"Upana wa tundu."

"Upana wa tundu," akasema, polepole. Halafu akauliza, "Na ulijua lini?"

"Ulikuwa umebakiza miaka mitatu."

Aliweka jembe chini. Nilimwona anahesabu, na nilijua anahesabu nini, kwa sababu mkewe alifariki Vitalis akiwa bado ndani, mwaka wake wa mwisho. Nilikwenda msibani. Nilipika na wanawake wengine, na watu walisema mama karani ana utu.

"Basi Mama Rafaeli alikuwa bado hai," akasema.

"Alikuwa hai, baba. Nisamehe."

"Mimi?" Akatikisa kichwa. "Mimi huna cha kuniambia. Nilijua sikupiga, tangu siku ya kwanza. Masanja utamwambia, polisi utawaambia, hiyo kazi yako. Lakini huyu mwanamke alikuwa anatoka hapa na chakula, anakuja gerezani, anakaa, anasema, 'Baba Rafaeli, niambie kweli. Ni wewe?' Namwambia si mimi. Anaitikia kwa kichwa. Akija tena anauliza tena. Miaka yote ile. Alinipenda, lakini daftari lako alilisikia kwa masikio yake, na mimi nilikuwa mume tu. Amekufa hajajua."

Akainuka. Hakunishika mkono, hakunifukuza. Alitangulia nyuma ya nyumba, nikamfuata kupita kwenye migomba, mpaka kwenye kaburi lenye msalaba wa saruji. Akavua kofia akasimama pembeni.

"Mwambie yeye," akasema.

Sikujua mtu anaanzaje. Nikataja jina langu na kazi niliyokuwa nafanya. Nikasema, Mama Rafaeli, mumeo hakumpiga mtu, mimi ndiye niliyesoma vibaya, na nilijua ukiwa hai. Sauti haikutoka vizuri, ilikuwa inakatika kwa kilio, hata mimi mwenyewe sikuisikia. Nikageuka kuondoka. Vitalis alikuwa hajasogea.

"Sema tena, mama," akaniambia. "Kwa sauti. Huyu masikio yake yalikuwa mazito."

Nikasema tena.

Mama yako